Spicer-Simson: Afisa aliyevukisha manowari milimani hadi Ziwa Tanganyika

MNAMO Desemba 26, 1915, mashua mbili za Uingereza, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, ziliteka meli ya kivita ya Ujerumani katika Ziwa Tanganyika. Mapigano yenyewe hayakuchukua hata robo saa.

Aliyeongoza shambulio hilo alikuwa Luteni Kamanda Geoffrey Basil Spicer-Simson wa Jeshi la Majini la Uingereza. Siku hiyo alikuwa amesalia na majuma machache kutimiza umri wa miaka 40. Wenzake wengi walikuwa wamempita kwa cheo na wakuu wake huko London hawakumtarajia makuu.

Miezi saba baadaye, ziwa hilo lilikuwa limetoka mikononi mwa Wajerumani. Hata hivyo, Spicer-Simson hakuwepo kulishuhudia tukio la mwisho kwa heshima aliyoitamani. Alirejeshwa kwao akiwa mgonjwa, na hakupewa tena kuongoza chombo chochote vitani.

Maisha ya afisa huyu yamesimuliwa mara nyingi kama kichekesho, kutokana na majigambo yake, sketi aliyovaa na michoro ya nyoka iliyojaa mwilini mwake. Lakini nyuma ya kichekesho hicho kuna habari ya vita vilivyoamua hatima ya mamilioni ya watu waliokaa kandokando ya ziwa, na ya jasho la Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa.

Malezi na kuingia jeshini

Spicer-Simson alizaliwa Januari 15, 1876 katika mji wa Hobart, kisiwani Tasmania, ambako baba yake alikuwa akifuga kondoo. Familia hiyo haikudumu huko. Ilirudi Ulaya na kukaa Ufaransa, na watoto wakapelekwa kusoma Uingereza.

Malezi hayo yalimpa afisa huyo umilisi wa lugha ya Kifaransa, kipawa ambacho kingemfaa sana baadaye. Kaka yake, Theodore, alikuja kuwa mchongaji mashuhuri wa nishani na sanamu.

Geoffrey alijiunga na Jeshi la Majini mwaka wa 1890, akiwa na umri wa miaka 14 tu. Wakati huo jeshi hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote duniani, na kijana aliyeingia humo alitarajia kupanda ngazi moja baada ya nyingine hadi ngazi za juu.

Mwaka wa 1902 alimwoa Amy Baynes-Reed, mzaliwa wa British Columbia nchini Kanada, ambaye alibaki naye katika heri na shari.

Mikosi baharini

Kazi aliyoifahamu vyema zaidi Spicer-Simson ilikuwa kupima maji na kuchora ramani. Alishiriki katika upimaji wa mpaka wa Borneo ya Kaskazini. Kati ya 1905 na 1908 alikuwa China, ambako alipima Mto Yangtze. Kuanzia 1910 hadi 1914 aliongoza chombo cha upimaji katika Mto Gambia, Afrika Magharibi.

Kwa upande wa uongozi wa manowari, mambo yalimwendea mrama. Wakati mmoja alipendekeza manowari mbili zikokote kamba kati yao ili kunasa darubini za nyambizi. Jaribio hilo nusura lizamishe nyambizi ya Waingereza wenyewe.

Wakati mwingine, akiwa katika mazoezi ya kujaribu ulinzi wa bandari ya Portsmouth, aliipandisha manowari yake ufukweni. Baadaye manowari aliyoiongoza iligonga mashua ndogo, mtu akafa, naye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Si ajabu basi kwamba alipofika umri wa makamo alikuwa bado na cheo cha Luteni Kamanda, huku vijana aliowatangulia wakiongoza manowari kubwa.

Vita vilipozuka Agosti 1914, upungufu wa maafisa ulimpa nafasi nyingine. Alikabidhiwa kikosi kidogo cha vyombo vya kulinda pwani ya kusini mashariki mwa Uingereza. Kimojawapo kilikuwa meli iliyoitwa Niger.

Nafasi hiyo haikudumu. Mnamo Novemba 11, 1914, nyambizi ya Ujerumani iliipiga Niger kwa topido mchana kweupe karibu na mji wa Deal, ikazama. Inaelezwa kwamba wakati huo Spicer-Simson alikuwa nchi kavu, akiwa pamoja na mkewe na wageni katika hoteli, na kwamba aliishuhudia meli hiyo ikizama kupitia dirishani.

Baada ya tukio hilo alihamishiwa ofisini, katika makao makuu ya jeshi hilo London. Kwa mwanamaji aliyeota utukufu wa vitani, kukalishwa mezani wakati wa vita kulikuwa sawa na kuzikwa angali hai.

Kwa nini Ziwa Tanganyika?

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na ni la pili kwa kina duniani. Wakati huo upande wa mashariki ulikuwa wa Wajerumani, upande wa magharibi ulikuwa wa Wabelgiji waliotawala Kongo, na ncha ya kusini ilikuwa ya Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Wajerumani walikuwa na faida kubwa. Mwaka wa 1914 walikuwa wamekamilisha reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Askari, silaha na vyakula viliweza kufika ziwani kwa siku chache, na aliyemiliki meli aliweza kuwateremsha askari popote ufukweni bila kizuizi.

Katika miezi ya mwanzo ya vita, Wajerumani waliishambulia na kuilemaza meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune, kisha wakaviharibu vyombo viwili vya Waingereza, Good News na Cecil Rhodes. Kuanzia hapo wakawa mabwana wa ziwa.

Meli zao za kivita zilikuwa mbili. Ndogo ilikuwa Kingani, iliyopewa jina la mto unaopita karibu na Bagamoyo. Ya pili ilikuwa Hedwig von Wissmann, iliyopewa jina la mke wa gavana wa zamani.

Jambo ambalo Waingereza hawakulifahamu vizuri ni kwamba meli ya tatu ilikuwa ikiundwa Kigoma. Hiyo ilikuwa Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi. Iliundwa kwanza mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupakiwa katika garimoshi.

Götzen iliingia majini Februari 5, 1915. Jina lake lilitokana na gavana ambaye wakati wa utawala wake vita vya Maji Maji vilizimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Baadaye ilifungwa mzinga mkubwa uliookolewa kutoka kwa manowari Königsberg, iliyoangamizwa na Waingereza katika mlango wa Mto Rufiji Julai 1915.

Mpango wa mwindaji

Mnamo Aprili 1915, mwindaji mmoja wa wanyama wakubwa aliyeitwa John R. Lee alifika katika makao makuu ya Jeshi la Majini akiwa na wazo lililoonekana kuwa la kichaa. Alishauri mashua mbili za kasi zisafirishwe kwa meli hadi Cape Town, zipandishwe garimoshi hadi Kongo, zikokotwe msituni na milimani, na hatimaye zitiwe Ziwa Tanganyika bila adui kujua.

Admirali Henry Jackson aliukubali mpango huo. Kwa maoni yake, jeshi lake lilipaswa kumkabili adui popote palipo na maji ya kuelea chombo.

Maafisa wenye sifa walikuwa wakihitajika kwingineko. Spicer-Simson alikuwa pale pale ofisini, alikuwa amefanya kazi Afrika, na alizungumza Kifaransa, lugha ya Wabelgiji. Hivyo ndivyo alivyokabidhiwa uongozi, huku Lee akiwa msaidizi wake.

Mashua zilizochaguliwa zilikuwa za mbao, zenye injini za petroli. Kila moja ilifungwa mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma. Zilikuwa na kasi kuliko chombo chochote cha Wajerumani ziwani, lakini risasi moja ya mzinga ingetosha kuzipasua.

Spicer-Simson alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakuu wake walikataa. Akapendekeza majina mengine, Mimi na Toutou, nayo yakakubaliwa. Yaelekea wakuu hao hawakutambua kwamba katika lugha ya watoto wa Ufaransa majina hayo yana maana ile ile ya paka na mbwa. Kwa wasemaji wa Kiswahili waliokutana na mashua hiyo ya kwanza, neno 'Mimi' bila shaka lilikuwa na maana nyingine kabisa.

Safari ya kilomita 16,000

Kikosi hicho cha watu wasiozidi 30 kiliondoka Uingereza Juni 15, 1915. Kilifika Cape Town mwanzoni mwa Julai, kikapanda garimoshi kupitia Rhodesia hadi Elisabethville, mji ambao sasa unaitwa Lubumbashi. Lee, aliyetangulia kutayarisha njia, aliondolewa katika msafara kabla ya kufika mbali, na mwenye wazo hakuliona likitimia.

Mnamo Agosti 5 garimoshi lilifika Fungurume, mahali reli ilipokomea. Kutoka hapo hadi kituo cha Sankisia palikuwa na kilomita 235 hivi za msitu na Milima ya Mitumba, ambayo njia yake ilipanda zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Hapakuwa na barabara. Mamia ya Waafrika waliajiriwa kufyeka msitu, kung'oa visiki, kuvunja mawe na kujenga zaidi ya madaraja 100 ya miti. Mashua ziliwekwa juu ya magari ya magurudumu na kukokotwa na injini mbili za mvuke.

Mara kwa mara injini zilikwama au madaraja yakadidimia. Hapo maksai kadhaa walifungwa pamoja, na watu wakashika kamba. Palipokuwa na miteremko mikali, watu hao hao walilazimika kuzizuia mashua zisiporomoke na kuwaponda waliokuwa mbele.

Kilikuwa kipindi cha kiangazi na maji yaliadimika. Injini za mvuke haziendi bila maji, na binadamu vilevile. Wanawake wa vijiji vya karibu waliajiriwa kuteka maji mbali na kuyaleta kwa mitungi kichwani. Bila wanawake hao, safari ingekomea milimani.

Msafara uliingia Sankisia Septemba 28. Kutoka hapo mashua zilisafirishwa kwa reli fupi hadi Bukama, zikatiwa katika Mto Lualaba. Maji ya mto yalikuwa machache na zilikwama mchangani mara nyingi. Hatimaye zilifika Kabalo, zikapandishwa garimoshi tena, na mwishoni mwa Oktoba zikafika karibu na ziwa, mahali panapoitwa Kalemie siku hizi.

Safari nzima ilikuwa ya takriban kilomita 16,000. Kwa vipimo vya aina yoyote ile, ilikuwa kazi kubwa, na daktari wa kikosi, Hother Hanschell, hakupoteza hata mtu mmoja wa kikosi hicho kwa maradhi njiani. Kumbukumbu za wazungu waliokuwemo zimehifadhi majina ya mashua, ya maafisa na hata ya injini. Majina ya waliofyeka njia na ya wanawake waliobeba maji hayamo.

Hali hiyo haikuwa ya Kongo pekee. Katika Afrika Mashariki yote, vita hivyo viliendeshwa kwa mabega ya wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, na ule wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, bado una jina la kikosi hicho cha wapagazi.

Bwana Chifunga-Tumbo

Wabelgiji waliokuwa ziwani hawakupendezwa na mgeni wao. Spicer-Simson alipenda kujitukuza na kusimulia visa vya ushujaa ambavyo wasikilizaji wake waliona vigumu kuviamini. Hata maafisa wake walichoshwa naye.

Kilichowashangaza zaidi kilikuwa mavazi. Kutokana na joto, alivaa sketi ya kitambaa cha kaki iliyoshonwa na mkewe. Aidha, alikuwa na desturi ya kuoga hadharani, huku akionyesha michoro ya nyoka na viumbe vingine iliyochanjwa mikononi na kifuani.

Waholoholo, wenyeji wa eneo hilo, walikusanyika kumtazama. Waingereza walioandika habari hizo wanasema wenyeji walimpa jina la Bwana Chifunga-Tumbo, kutokana na kile kitambaa alichokizungusha kiunoni, na kwamba baada ya ushindi walimtengenezea sanamu za udongo na kumchukulia kama mungu.

Habari hizo zinafaa kupokewa kwa tahadhari. Jina lenyewe, kwa yeyote anayeelewa lugha za eneo hilo, linasikika zaidi kama utani kuliko ibada. Watu waliokuwa wametawaliwa kwa mkono wa chuma walikuwa na mazoea ya kuwabandika wakubwa wao majina ya kuwachekea bila wao kujua.

Dakika 11 za mapigano

Mimi na Toutou zilitiwa ziwani Desemba 22 na 23, 1915. Siku tatu baadaye, Jumapili asubuhi, Spicer-Simson alikuwa akiongoza ibada wakati taarifa ilipoletwa kwamba meli ya adui imeonekana. Inasimuliwa kuwa alimaliza ibada kwanza, ndipo akatoa amri.

Meli hiyo ilikuwa Kingani, chini ya Luteni Junge, ikija kuchunguza Wabelgiji walikuwa wakijenga nini ufukweni. Wajerumani hawakujua lolote kuhusu mashua za Waingereza.

Mzinga wa Kingani uliweza kupiga kuelekea mbele tu. Mimi na Toutou ziliiacha ipite, kisha zikaifuata kutoka nyuma. Junge alipoona bendera ya Jeshi la Majini la Uingereza alijaribu kugeuza meli ili mzinga wake uwaelekee, lakini alikuwa amechelewa.

Katika dakika 11, Junge na mabaharia wake kadhaa walikuwa wameuawa, na meli ikasalimu amri. Ilifikishwa ufukweni ikivuja, ikafanyiwa ukarabati, ikafungwa mzinga mkubwa zaidi na kupewa jina la Fifi. Hakuna Mwingereza aliyefariki.

Kingani ilikuwa manowari ya kwanza ya Ujerumani kutekwa katika vita hivyo na kuingizwa katika Jeshi la Majini la Uingereza. Spicer-Simson alipandishwa cheo kuwa Kamanda, na baadaye akatunukiwa nishani ya DSO.

Kuzama kwa Hedwig

Kamanda wa Wajerumani ziwani, Gustav Zimmer, hakuelewa Kingani ilikuwa imepatwa na nini. Mnamo Februari 1916 aliituma Hedwig von Wissmann kutafuta habari, ikiongozwa na Luteni Job Odebrecht, na ikitakiwa kukutana na Götzen baadaye.

Asubuhi ya Februari 9, Hedwig ilionekana. Spicer-Simson alitoka akiwa ndani ya Fifi, akifuatana na Mimi na vyombo vidogo vya Wabelgiji. Toutou haikuwa katika hali ya kupigana.

Odebrecht aligeuza meli na kukimbia. Fifi haikuwa na kasi ya kutosha, na kila mzinga wake ulipolia, mtikisiko uliirudisha nyuma. Makombora mengi yalipita juu ya adui. Mimi, iliyokuwa na mbio zaidi, ilitangulia na kuanza kuisumbua Hedwig kwa mzinga wake mdogo, ikiilazimisha kugeukageuka na kupoteza mwendo.

Fifi ilikuwa imesalia na makombora matatu tu. Moja lilikwama ndani ya mzinga, na ikachukua muda mrefu kuliondoa. Lililofuata lilipiga barabara. Chumba cha injini cha Hedwig kilipasuka, moto ukawaka, na Odebrecht akaamuru meli iachwe. Ilizama, na manusura wakachukuliwa mateka.

Bendera ya meli hiyo iliokolewa majini, ikawa ya kwanza ya Jeshi la Majini la Ujerumani kunyakuliwa na Waingereza katika vita hivyo.

Mgema akisifiwa

Siku iliyofuata Götzen ilipita karibu ikiitafuta Hedwig. Mabaharia wa Uingereza, wakiwa bado na furaha ya ushindi, walijiandaa kuingia majini. Spicer-Simson alikataa.

Uamuzi huo umejadiliwa tangu wakati huo. Wapo wanaomwona mwoga aliyeshtuka alipokutana na adui wa kweli. Lakini Götzen ilikuwa na ukubwa uliozidi vyombo vyake vyote vikiwekwa pamoja, na mzinga wake ungeweza kuvizamisha kabla havijafika karibu. Kulinda kile alichokwisha kupata huenda kulikuwa busara.

Tatizo lilikuwa kilichofuata. Badala ya kutafuta mbinu nyingine pale ziwani, aliondoka kwenda hadi Mto Kongo kutafuta meli kubwa zaidi, akarejea Mei 1916 na chombo kilichoitwa George. Wakati huo wote Götzen haikusumbuliwa na kikosi chake.

Mwezi Juni alitumwa kusini kusaidia jeshi la nchi kavu lililotoka Rhodesia kuuteka mji wa Bismarckburg, ambao sasa ni Kasanga nchini Tanzania. Kazi yake ilikuwa kuziba njia ya ziwani ili Wajerumani wasitoroke.

Alipofika aliona mizinga juu ya ngome, akahofia usalama wa vyombo vyake, akajitenga mbali. Usiku, Wajerumani wakapanda mashua na kutoroka. Majeshi ya Uingereza yalipoingia ngomeni yalikuta kwamba mizinga iliyomtisha ilikuwa ya mbao.

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maafisa wa nchi kavu walimlaumu vikali. Afya yake, ya mwili na ya akili, ilidhoofika, na daktari akashauri arudishwe Uingereza.

Wabelgiji ndio walioendelea na kazi. Ndege zao za kutua majini ziliishambulia bandari ya Kigoma kwa mabomu mwezi huo huo wa Juni. Majeshi yao yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe Julai 26, 1916, karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi, wakitumaini kwamba siku moja ingeibuliwa.

Kazi ya kimya

Spicer-Simson alitunukiwa nishani na Uingereza na Ubelgiji, lakini hakupewa chombo kingine. Alirudishwa ofisini, katika idara ya ujasusi ya Jeshi la Majini.

Ni hapo ambapo sehemu isiyosimuliwa ya maisha yake inaanzia. Mwaka wa 1919 alihudhuria mkutano wa amani wa Versailles. Mwaka wa 1921 alikuwa katibu na mkalimani wa Kifaransa katika mkutano wa kimataifa wa Barcelona uliojadili matumizi ya njia za maji.

Mwaka huo huo Ofisi ya Kimataifa ya Upimaji wa Bahari ilianzishwa Monaco. Lengo lake lilikuwa kuyafanya mataifa yatumie alama na vipimo vinavyofanana katika ramani za baharini, ili nahodha wa nchi moja aweze kusoma ramani ya nchi nyingine bila kuigonga meli mwambani. Spicer-Simson alikuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza, na aliishika kazi hiyo hadi 1937.

Haikuwa kazi ya kusifiwa magazetini. Lakini mtu aliyepima Yangtze na Gambia alikuwa amefika mahali pake. Ofisi hiyo iliendelea kukua, na mwaka wa 1970 ikageuzwa kuwa Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Bahari, ambalo makao yake yangali Monaco.

Alistaafu na kuhamia British Columbia, alikotoka mkewe, akafariki huko Januari 29, 1947.

Kilichobaki

Mwaka wa 1935 mwandishi C.S. Forester alichapisha riwaya ya The African Queen, inayohusu jaribio la kuzamisha meli ya Wajerumani katika ziwa la Afrika. Filamu iliyotokana nayo ilitolewa mwaka wa 1951, ikiwashirikisha Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Vita vya Ziwa Tanganyika hutajwa kuwa chimbuko la hadithi hiyo, ingawa ndani yake hamna Spicer-Simson, wala Mimi na Toutou.

Masimulizi kamili zaidi yalikuja katika vitabu viwili. Kimoja ni cha Peter Shankland cha mwaka wa 1968, kilichotegemea kumbukumbu za Dkt Hanschell. Cha pili ni cha Giles Foden cha mwaka wa 2004.

Nayo Götzen ikawa na maisha marefu kuliko wote walioipigania. Waingereza waliiibua mwaka wa 1924, mitambo yake ikiwa bado inafaa kutokana na ile grisi. Ilianza kazi tena mwaka wa 1927 kwa jina la Liemba, ikisafirisha abiria, samaki, nafaka na bidhaa kati ya Kigoma na vijiji vya kusini, vingi vikiwa havina gati wala barabara.

Mwezi Mei 2015, machafuko yalipotokea Burundi, maelfu ya wakimbizi walikwama katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mpakani mwa Tanzania, huku kipindupindu kikienea. Meli iliyowavusha hadi Kigoma ilikuwa Liemba.

Iwapo Spicer-Simson angeishambulia Götzen siku ile ya Februari 1916 na kushinda, pengine jina lake lingewekwa miongoni mwa mashujaa wakubwa wa bahari. Alikataa, akalaumiwa hadi kufa kwake. Miaka 99 baadaye, meli ambayo hakuthubutu kuigusa ilikuwa bado inaelea, ikibeba wanawake na watoto waliokimbia vita katika ziwa lile lile.